Punda wa Kahonzi Aliyefia Bomani

Bwanamkuu Uweis, jina la kuzaliwa na si cheo, alikuwa afisa wa mifugo wa Mtondoni, mji mdogo ulio kati ya Malindi na pale mto Sabaki unapoingia baharini. Kwa miaka tisa watu wa hapo walimwita daktari. Daktari hakuwa, alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo na mkoba wa dawa. Lakini jina lile lilimkaa vizuri, kama shati lililopigwa pasi, naye hakuwahi kumsahihisha mtu.

Wazee wake walikuwa watu wa Faza, kisiwani Pate, na kwao mtoto alifunzwa kupima maneno kabla ya kuyatoa. Kwa hiyo manispaa ilipotaka mtu wa kuandika rasimu ya sera ya ustawi wa wanyama, kalamu alipewa yeye. Aliandika miezi minne. Aliandika uzito ambao mzigo wa punda usiuzidi, saa za jua kali ambazo gari la punda lisitembee, chanjo za mbwa, na sura nzima juu ya boma la manispaa, pale wanapofungiwa wanyama waliokamatwa wakizurura. Kifungu cha kumi na nne alikipenda kuliko vyote: "Mnyama aliye mikononi mwa manispaa ni amana ya manispaa, naye atapewa maji, malisho na kivuli bila kukosa hata siku moja." Jioni moja ya Ramadhani, baada ya kufuturu, alimsomea mkewe Hadiya kifungu hicho.

"Umeandika kama khutba," Hadiya akamwambia.

Alifurahi siku mbili kwa neno hilo.

Boma lenyewe lilikuwa nyuma ya soko. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopita kimo cha mtu, vipande vya chupa juu yake, geti la bati zito, na ndani mchanga mtupu. Kivuli kilikuwa kwenye rasimu. Mfereji wa maji ulikuwa kwenye ramani. Maji ya kweli yaliletwa kwa mitungi, na aliyeyaleta alikuwa Kitsao, mtunza boma, mpaka mkataba wake ulipokwisha mwezi wa Disemba na usifanywe upya. Tangu hapo Bwanamkuu alijaza hori mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Aliandika barua moja kueleza kwamba boma halina mtu. Haikujibiwa, naye hakuandika ya pili, kwa kuwa moyoni alianza kuupenda ule ubingwa wa kubeba mitungi peke yake watu wa soko wakimtazama.

Kufuli pia lilikuwa wazo lake. Zamani geti lilifungwa kwa kamba, na wenye mifugo walikuwa wakiifungua alfajiri na kuchukua wanyama wao bila kupitia kwa mtu. Akanunua kufuli kubwa. Funguo zilikuwa mbili: mmoja kwenye mfuko wake, mwengine kwenye droo ya meza yake, na ofisi aliifunga mwenyewe. Kwenye bati la geti akaandikisha kwa rangi nyeupe, KWA DHARURA PIGA, na chini yake namba yake ya simu.

Mwaka huo Idi iliangukia Ijumaa. Kule Faza, Ruqaiya, binti wa dada yake, alikuwa akiolewa Jumamosi, na mjomba hawezi kukosa. Bwanamkuu akaomba ruhusa ya Jumatatu pia, kwa ajili ya safari ya kurudi. Alhamisi asubuhi alibeba mitungi minne akajaza hori hadi ukingoni. Ndani mlikuwa na punda wawili na mbuzi wanne. Alijua kuwa maji yale hayapiti siku moja na nusu. Alilijua hilo wakati ule ule akiyamimina, na akawaza, nitampigia Kitsao nikiwa njiani, nimsihi anisaidie.

Alikuwa akifunga kufuli alipoisikia hodi nyuma yake. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, leso imekazwa kiunoni, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mwenye punda, yule wa sikio lililochanika. Askari wa kanjo walimchukua jana kule uwanja wa mpira. Alikata kamba."

Jina lake lilikuwa Kahonzi. Alikaa upande wa mtoni, na aliuza maji mjini kwa gari la punda. Punda wake alimwita Waziri, kwa sababu alipenda kutembea mbele ya watu kama anayefunguliwa njia.

"Faini nimekuja nayo," akasema, akaonyesha fundo la leso.

"Mama, anayepokea faini ameshakwenda kwao kwa ajili ya Idi. Njoo Jumanne."

"Jumanne? Na kazi yangu?"

"Utaratibu ni huo." Akatazama saa. Basi la Mokowe lilikuwa lapita Malindi saa tatu. "Usiwe na wasiwasi. Hapa yuko salama kuliko barabarani. Sisi tunamtunza."

Kahonzi akachungulia kwenye upenyo wa geti, akamwita punda wake kwa jina. Kule ndani Waziri akageuza lile sikio lake lililochanika, akatazama.

"Haya, mwanangu," Kahonzi akasema. "Mulungu akufikishe salama."

Ndani ya basi Bwanamkuu alilala. Alipofika gatini Mokowe akakumbuka, akampigia Kitsao, simu haikupatikana. Nitapiga tena, akasema. Mashua ya Faza ilikuwa imeshajaa watu wakimwita kwa mkono.

Ijumaa ilipita kwa swala na salamu za nyumba kwa nyumba. Jumamosi ilikuwa harusi yenyewe. Mchana wa siku hiyo simu yake ililia mara mbili, namba asiyoijua. Ni hawa watu wa faini, akawaza, akairudisha mfukoni. Jumapili ililia mara tano. Mara ya mwisho alikuwa ameketi barazani na wazee, na mzee mmoja alikuwa akimsifu mbele ya wageni, akisema huyu kijana wetu ndiye anayeitungia serikali sheria huko Malindi. Simu ikalia mkononi mwake katikati ya sifa hizo. Akaikata. Akainamisha kichwa kidogo kwa unyenyekevu, kama ifaavyo, akaendelea kusikiliza.

*

Jumanne alifika bomani saa moja asubuhi, akiwa amebeba mitungi miwili. Nje ya ukuta, kwenye benchi lake, alikuwako Dzombo, fundi wa baiskeli, mzee mwenye mguu mmoja uliopooza. Dzombo hakuinuka. Alimtazama tu.

"Tulikupigia, daktari," akasema.

Bwanamkuu akaiweka mitungi chini. Tayari harufu ilikuwa imemfikia. Alihangaika na ufunguo, ukakataa kuingia mara ya kwanza.

Mbuzi wawili walikuwa wamekufa karibu na hori. Wengine wawili walisimama kwenye kona, wakitetemeka. Punda mmoja alikuwa hai, amelala kwa ubavu, akihema. Waziri alikuwa amekufa chini ya ukuta wa upande wa soko, pua yake imegusa mawe. Kuanzia chini hadi kimo cha kichwa cha punda, ukuta ule ulikuwa na alama za kulambwa, na mchanga ulikuwa umechimbuliwa kwa kwato. Juu ya ukuta, kati ya vipande vya chupa, palikuwa na michirizi ya maji yaliyokauka.

Bwanamkuu akatazama michirizi ile muda mrefu kabla ya kuelewa. Mtu alikuwa akimwaga maji kutoka nje.

"Nilisimama juu ya benchi," Dzombo akasema kutoka getini, hakuingia. "Kwanza nilishusha dumu kwa kamba, wakaligombania likapinduka, kamba ikakatwa na chupa. Ndipo nikawa namwaga tu. Yanateremka ukutani, wao wanalamba. Lakini mchanga unakunywa haraka kuliko punda."

"Kwa nini hamkuvunja kufuli?"

Alipolisema tu, alitamani alirudishe kinywani. Dzombo alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyetukana.

"Kufuli la serikali, daktari? Nani alikuwa amsaidie Dzombo kortini?"

Bwanamkuu alimnywesha yule punda wa pili kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka akainua shingo. Huyo alipona. Trekta la taka likaja saa tatu kuchukua mizoga.

Saa nne alikuwa mbele ya meza ya Bwana Marvin, meneja wa mji. Marvin alikuwa kijana mwenye sauti laini, asiyependa mambo yaliyo wazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Wiki mbili zijazo tuna kikao cha wananchi kutoa maoni juu ya sera," akasema. "Sera yako, Bwanamkuu. Wageni wanakuja. Ukiandika kwamba wanyama wamekufa kwa kiu ndani ya boma letu, hakuna sera tena. Punda watakosa ulinzi wote, kwa ajili ya punda mmoja."

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Punda hufa kwa nini?"

Bwanamkuu alisikia mashine ya kupigia chapa ikilia chumba cha pili.

"Tumbo la kusokota," akasema. "Punda hufa kwa tumbo la kusokota."

"Basi."

Akaenda akaiandika taarifa. Aliiandika vizuri, kwa Kiswahili sanifu, na kwenye mstari wa chanzo akaweka: chakula kibaya kilicholiwa kabla ya mnyama kufikishwa bomani. Akatia sahihi. Hakuna aliyemshika mkono.

Mchana Kahonzi akaja ofisini, faini yake fundoni. Bwanamkuu akampa kiti, akamwambia kwamba Waziri ameugua tumbo, amekufa, poleni sana. Alitegemea kilio au matusi. Alijiandaa kwa hayo.

Kahonzi akalishika lile fundo. Kisha akauliza, "Tumbo? Ni kitu alichokula?"

"Ndivyo inavyoonekana."

"Zile pumba," Kahonzi akasema polepole. "Jumatano asubuhi nilimpa pumba za mahindi. Zilikuwa zimeingia maji kidogo, nikasema si neno, nitazianika. Sikuzianika." Akajifunika mdomo kwa leso. "Ni mimi basi. Ni mimi niliyemuua."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Bwanamkuu alipaona, kama mtu aonavyo mlango ulio wazi. Maneno yenyewe yalikuwa machache, hayakuzidi manne. Akatazama karatasi zilizokuwa mezani.

"Usijilaumu, mama," akasema. "Hutokea."

Kahonzi akainuka. Mlangoni akageuka. "Ahsante, daktari. Najua ulimhangaikia. Nisamehe nilikuletea mnyama mgonjwa sikukuu yako."

Akaenda. Bwanamkuu akafunga mlango wa ofisi kwa ndani, akasimama pale, uso umemwaka moto, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

*

Siku zilizofuata hakula vizuri. Akipita sokoni alizunguka ili asipite kwa Dzombo. Mtu akimwita daktari alishituka. Hadiya alimwuliza mara tatu ana nini, mara ya nne akamweleza. Alimweleza yote, hata ile simu aliyoikata barazani.

Hadiya alikuwako Faza siku hiyo. Akasema, "Nilikuona ukiikata. Nilidhani ni mtu wa kukusumbua."

Hakumlaumu zaidi ya hapo, na Bwanamkuu alitamani angemlaumu.

Kikao cha wananchi kilifanywa Alhamisi, katika ukumbi wa shule ya msingi. Gari la kipaza sauti lilikuwa limepita siku mbili likiwaita watu, nao walikuja: wenye magari ya punda, wafugaji wa mbuzi, wauza maziwa, wanawake wa kikundi cha mikoko, wazungu wawili wanaohifadhi paka. Bridgit, mwalimu wa shule, ndiye aliyekuwa katibu wa kikao. Marvin alikaa mbele na wageni. Bwanamkuu alipewa kipaza sauti, akasoma rasimu sura kwa sura. Alipofika kifungu cha kumi na nne akakohoa, akakisoma. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Hapo sawa kabisa!"

Bridgit akauliza nani ana maoni. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Kahonzi.

Alivaa nguo yake nzuri. Alisimama ameshika leso kwa mikono miwili, hakuzoea kusema mbele za watu.

"Mimi sina maoni ya sheria," akaanza. "Nina onyo kwa wenzangu wenye punda. Mimi nilikuwa na punda, Waziri, wengi mnamjua. Nilimpa pumba zilizoingia maji, akafa kwa tumbo la kusokota. Daktari alijitahidi, haikuwezekana. Nawaomba, msiwape pumba. Mimi hata yule mtoto wake niliyebaki naye simpi tena, namlisha majani tu, na majani sasa hayako, amekonda mbavu zinahesabika, lakini heri akonde. Sitaki kuua wa pili. Ni hayo tu."

Akaketi. Watu wakaguna kwa huruma. Mtu akasema, pole mama. Marvin akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na mgeni mmoja akaandika kitu kwenye daftari lake, huenda ni lile onyo la pumba.

Bwanamkuu alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, alimwona Dzombo na mguu wake umenyooshwa. Dzombo hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Kahonzi, mdomo wazi, kama mtu anayesikia habari za msiba wa nyumba yake zikisimuliwa kwa makosa.

"Mama Kahonzi," Bwanamkuu akasema. "Pumba hazina kosa."

Makofi yakakatika.

"Punda wako hakufa kwa tumbo. Alikufa kwa kiu. Nilimfungia bomani siku tano, nikaenda harusini na funguo. Hori nililijaza mara moja, nami nilijua halitoshi. Nilipigiwa simu mara saba, sikupokea. Kisha nikaandika uongo na nikautia sahihi. Na ulipokuja ofisini ukajilaumu, nilikuacha ujilaumu."

Marvin alikuwa ameinuka. "Ndugu wananchi, hili ni suala la kiutawala, litashughulikiwa ndani ya..."

"Hebu mwache," Bridgit akasema, naye hakuwa amezoea kumkatiza meneja.

Kahonzi hakusimama. Aliuliza akiwa pale pale kitini, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa kimya kila mtu alimsikia.

"Kwa kiu?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo punda amebeba maji ya mji huu miaka minane."

Watu wengi mle ndani walikuwa wameyanywa maji hayo asubuhi baada ya asubuhi, na wengine wakainamisha vichwa kana kwamba nao wametajwa.

"Alilia?" Kahonzi akauliza.

Bwanamkuu akafungua kinywa, akagundua kwamba hajui. Hata hilo hakuwa nalo la kumpa.

Dzombo ndiye aliyejibu, kutoka nyuma. "Alilia siku mbili, dada yangu. Ijumaa jioni na Jumamosi yote. Jumapili asubuhi alilia kidogo. Baadaye akanyamaza. Nilimwagia maji nilivyoweza. Nisamehe, sikujua ni wa nani."

Kahonzi akatikisa kichwa kumwitikia, kwa heshima. Kisha akamgeukia Bwanamkuu, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Siku kumi na sita," akasema, "nimemnyima yule mdogo pumba. Ananifuata uani akilia, nami namfukuza."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Hapana aliyezungumza mpaka alipofika nje ya geti la shule. Halafu wakazungumza wote kwa pamoja.

*

Barua ilimfikia Bwanamkuu siku ya nne: asimamishwe kazi, uchunguzi ufanywe. Marvin naye aliitwa kujieleza, akajieleza vizuri zaidi. Kule mtaani, wapo waliosema Bwanamkuu ni mtu wa kweli kwa kuwa amekiri, na maneno hayo yalimwumiza kuliko ya wale waliomtemea mate chini alipopita. Aliwajibu, "Nilikiri nilipobanwa," lakini watu hawapendi kuharibiwa hadithi nzuri.

Wiki iliyofuata alikwenda mtoni kumwona Kahonzi. Alikwenda kwa miguu, peke yake, mchana. Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Kahonzi alikuwa uani akimpa yule punda mdogo pumba kwenye sufuria iliyotoboka. Punda alikuwa mifupa mitupu. Alikula bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamwonyesha kigoda kwa kidevu. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji.

"Mama, nimekuja..."

"Kunywa kwanza. Umetembea juani."

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Maji yalikuwa baridi, ya mtungi. Alipiga funda moja, kisha jengine. Kahonzi alikuwa amesimama akimngojea amalize, kama angemngojea mgeni yeyote. Alipokwisha kunywa, maneno yote aliyoyapanga yalikuwa hayafai. Akasema tu, "Nimekukosea. Sina njia ya kukulipa."

"Huna," Kahonzi akasema. Hakusema kwa hasira. "Serikali itanilipa punda?"

"Nimewaandikia. Nitawaandikia tena. Lakini sitakudanganya, mama, itachukua muda."

"Angalau hapo umesema kweli."

Akarudi kwa punda wake. Bwanamkuu alikaa kidogo juu ya kigoda, hajui kama ameambiwa aondoke au la, kisha akaaga.

Aliandika ile barua ya pili, na ya tatu, na ya saba. Sera ilipita mwezi wa Julai. Wananchi walikuwa wamekataa kuipitisha kama ilivyokuwa. Katika kikao cha pili, Dzombo na wenye magari ya punda walidai kifungu cha kumi na nne kiandikwe upya, na Bridgit akakiandika kama walivyokisema: kwamba mnyama yeyote asifungiwe bomani kabla mfereji haujatoa maji na paa kuezekwa; kwamba kila siku ya mwaka, Idi na Krismasi zikiwemo, ataandikwa getini mtu mmoja kwa jina lake, na msaidizi wake kwa jina; na kwamba mwananchi akimwona mnyama anakufa ana haki ya kuvunja kufuli, na hatashitakiwa. Kiswahili chake hakikuwa na madaha. Bwanamkuu alikisoma nyumbani kwake, akaona aibu ya namna nyingine, ya fundi anayeona kazi yake imerekebishwa na wasio mafundi, ikawa imara.

Alirudishwa kazini mwezi wa Septemba, chini ya afisa mwengine, kazi ya chanjo na hesabu za mbuzi. Alishukuru. Watu waliendelea kumwita daktari, nusu kwa mazoea, na sasa alikuwa akiwakatiza: "Mimi si daktari. Bwanamkuu tu." Walicheka, wakidhani anafanya mzaha.

Punda wa Kahonzi hakuwa amelipwa. Yule mdogo alikuwa amenenepa lakini bado hawezi kuvuta. Ijumaa moja, Bwanamkuu alipotoka msikitini amevaa kanzu yake nyeupe na kofia ya kutarizi, aliona mkokoteni wa mitungi ukipanda kile kilima cha mchanga kinachotoka kwenye kioski cha maji. Aliyekuwa mbele, kamba begani, mwili umeinama karibu kugusa chini, ni Kahonzi. Magurudumu yalikuwa yamezama.

Baraza la msikiti lilijaa watu wakiamkiana. Bwanamkuu alisimama. Aliwaza kanzu yake. Aliwaza jinsi watakavyotazama, afisa wa serikali akisukuma mkokoteni wa maji siku ya Ijumaa, na sababu yake kila mtu anaijua. Ilimchukua muda wa pumzi tatu au nne kuwaza hayo, na mkokoteni ukarudi nyuma hatua moja.

Akateremka ngazi, akavua viatu, akatia mabega nyuma ya mitungi. Kahonzi alihisi uzito umepungua, akageuka kidogo, akamwona, akageukia mbele tena na kuvuta. Wakapanda hivyo mpaka juu, maji yakimwagika kwenye vifuniko na kumlowesha kifua, mchanga ukimwingia kwenye pindo la kanzu. Nyuma yake alisikia barazani pamenyamaza. Uso ulimwaka, na kilichomuunguza zaidi ya macho ya watu ni zile pumzi tatu alizosimama.

Juu ya kilima Kahonzi akalegeza kamba, akajifuta shingo kwa leso.

"Basi, hapa panatosha," akasema. "Kuanzia hapa ni mteremko."

Akaendelea na njia yake. Bwanamkuu akabaki amesimama mpaka alipokata kona ya soko, ndipo akarudi chini kuchukua viatu vyake, akipita mbele ya wote waliokuwa wakimtazama.